Siku moja Iringa mjini
Mdogo wangu, umeuliza siku moja Iringa kabla ya kwenda mbuga ya Ruaha uitumie wapi. Usiimalizie hotelini! Asubuhi ingia soko kuu, tafuta akina mama wa vikapu vya milulu. Shika kimoja uone kilivyosukwa kwa kubana, harufu ya majani bado imo. Boma la Mjerumani, siku hizi makumbusho, halipo mbali. Jioni panda mwamba wa Gangilonga, jina la Kihehe lenye maana ya "jiwe linaloongea". Wazee husimulia kuwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikaa pale kutafakari. Mji wote utauona chini yako, mabati yakiwaka jua la mwisho. Muda ukibaki, Kihesa kwa wanachuo kumechangamka. Na beba sweta, Juni baridi ya huku haina utani.