Barua kwa mwanangu anayeingia wodini

Mwanangu Zubeda,

Salaam kutoka Arua. Sote wazima, na bibi yako kikohozi kimemwacha. Swali lako nimelisoma vizuri. Unasema shuleni mmeandika kurasa nyingi kuhusu maadili ya uuguzi, yaani huruma, uaminifu, usiri na heshima kwa mgonjwa, ukapata alama nzuri. Sasa unakwenda kuanza kazi kituo cha afya daraja la tatu chenye wauguzi wachache na foleni ndefu, na unauliza: hayo maadili nitayatumia saa ngapi, na nijiandae na nini hasa?

Mimi naona yote yanapimwa na jambo moja: ulichoandika kwenye chati ndicho ulichofanya? Huruma mgonjwa ataiona usoni mwako. Uaminifu hatauona, maana akiwa amelala na homa hajui kama ulimhesabia pumzi au ulibuni namba. Hapo uko peke yako na kalamu.

Chukua hizo pumzi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameletwa na kikohozi. Unamhesabia dakika nzima, sekunde 60, ametulia, nguo imepandishwa uone kifua na tumbo. Akilia, mwache anyonye, kisha anza upya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Mwenye haraka huhesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne. Akiruka pumzi moja tu, amepoteza nne: mtoto mwenye 40 anaandikwa 36, anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi na kumbe nimonia imeshaingia. Mbaya zaidi ni yule asiyehesabu kabisa. Ukikuta chati za wodi nzima zimeandikwa pumzi 20, kitanda kwa kitanda, asubuhi na jioni, ujue hakuna aliyehesabu. Na pumzi ndizo mara nyingi hubadilika kwanza mgonjwa anapoanza kuzidiwa, hata kabla presha haijashuka. Atakayesoma chati hiyo ya uongo usiku atadhani mgonjwa ametulia.

Kama hukupima, acha wazi na uandike sababu: mashine ya presha imeharibika, dawa imeisha stoo. Nafasi tupu yenye sababu inamsaidia daktari, na inamsaidia inchaji, yaani mkuu wa kituo, kudai vifaa. Dawa usiisaini kabla ya kuitoa, hata kama trei iko mkononi, kwa sababu utaitwa kwa mama anayejifungua na mwenzako ataamini imeshatolewa. Ukiitoa, saini papo hapo. Ukichelewa, wa zamu ijayo ataitoa mara ya pili. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, libaki likisomeka, weka jina na saa, andika lililo sahihi pembeni. Hakuna kufuta kwa rangi nyeupe wala kuchana karatasi.

Sasa dawa. Wengi wanafaulu mtihani wa hesabu kisha wanakwama saa nane usiku, kwa sababu darasani uzito wa mtoto umeandikwa kwenye swali na wodini inabidi uupime. Usikadirie kwa macho. Mtoto akiwa hawezi kusimama, mpime mama akiwa amembeba, kisha mama peke yake, utoe.

Tuseme ana kilo 14 na malaria kali, na umeandikiwa atesuneti ya mshipani. Mtoto chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo; kilo 20 na kuendelea ni 2.4. Kwa hiyo 14 mara 3 ni miligramu 42. Chupa ya miligramu 60 unaichanganya kwanza na mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi, unatikisa hadi iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu, itupe, usijishauri. Ikiwa angavu, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya dripu. Sasa kila mililita 1 ina miligramu 10, nawe unavuta 4.2. Ukiichoma kwenye msuli, unaongeza mililita 2 tu badala ya 5, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Kosa kubwa liko hapo: mtu amechanganya kwa ajili ya msuli, akavuta kwa hesabu ya mshipa, mtoto akapata mara mbili. Itumie ndani ya saa moja. Dozi ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Akiwa ameshapata hizo tatu na anaweza kumeza, anapewa dozi kamili ya vidonge vya malaria vya mseto. Hapa ndipo wazazi huondoka na mtoto kwa kuwa homa imeshuka, na nesi asiyeeleza vizuri kwa nini vidonge vinahitajika atamwona mtoto yuleyule tena.

Andika 0.5, usiandike .5, maana nukta hupotea kwenye karatasi iliyochakaa na mtu anasoma 5. Kwa sababu hiyohiyo 5 usiiandike 5.0. Dawa yoyote ya sindano kwa mtoto, omba mwenzako apige hesabu yake bila kuona yako, ndipo mlinganishe. Ukimwonyesha jibu lako kwanza atakubali tu.

Lingine ambalo shule hulipitia haraka ni kukosea. Utakosea, kama kila muuguzi. Watu huficha kwa hofu ya kufokewa mbele ya wagonjwa, na kwa kweli kuna mainchaji wanaofoka. Lakini angalia muda unavyofanya kazi. Mama mwenye kifafa cha mimba amepewa magnesiamu salfeti: dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata unaangalia pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hupungua. Dawa ya kuipinga ipo: kalisiamu glukoneti gramu 1, polepole mshipani. Ila inamfaa yule ambaye kosa lake limesemwa mapema. Kwa hiyo fuata hivi: mtazame mgonjwa, simamisha dawa, mwite daktari au afisa tabibu, mwambie maneno yenyewe bila kuyapamba, andika kwenye chati kilichotolewa na saa, kisha mwelezeni mgonjwa au jamaa yake. Kufokewa kutapita.

Na ukitumwa kufanya usichokijua, sema, "Sijawahi kuifanya peke yangu, naomba unisimamie." Wapo watakaokucheka. Wewe irudie kauli hiyo mpaka ikutoke mdomoni bila aibu.

Kuhusu pesa nitasema bila kuzunguka. Dawa za serikali zina alama kwamba haziuzwi, na kila boksi linaingia kwenye kadi ya stoo. Zikiisha, mwambie mgonjwa wazi zimeisha, aandikiwe akanunue popote anapotaka. Usimwelekeze kwenye duka la mwenzako. Usipokee "chai" kabla ya huduma hata ikiwa shilingi elfu moja, kwa sababu aliye nyuma kwenye foleni anaona, na kesho yake atambakisha mtoto nyumbani hadi apate hela. Familia ikikuletea kuku baada ya mgonjwa kupona, shukuru, mwambie inchaji, mle pamoja na wenzako.

Lugha. Huku kwetu Nile Magharibi utapokea Mlugbara, Mnubi, Mkongo na mkimbizi kutoka Sudan Kusini katika asubuhi moja. Kiswahili kitakufikisha mbali lakini hakitafika kote. Usimtumie mtoto kumtafsiria mama yake habari za VVU, wala mume kumtafsiria mkewe habari za uzazi. Tafuta mfanyakazi mwenzako, na mzungumze na mgonjwa faragha. Ukimuuliza mtu "Umeelewa?" atajibu ndiyo kwa adabu. Muulize, "Ukifika nyumbani utampa ngapi, na saa ngapi?" Majibu yasitangazwe kwa sauti dirishani, na picha ya mgonjwa isiingie kwenye simu yako hata kama uso hauonekani.

Mwili wako pia ni sehemu ya maandalizi, na hapa nakuomba kama mzazi. Chanjo ya homa ya ini ya B ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Umenitajia mbili. Kamilisha, kaskazini mwa Uganda yetu ugonjwa huu ni mwingi. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Itupe moja kwa moja kwenye sanduku lake, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu, kwa kuwa ukisukumia sindano kwenye lililojaa utachomwa. Ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28 bila kukatisha. Mikono: sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, au kipukusi chenye alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30, kabla na baada ya kila mgonjwa, na glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Mwaka 2000 pale hospitali ya Lacor, Gulu, Ebola iliwaua wauguzi waliokuwa wakiwauguza wengine, na daktari wao Matthew Lukwiya akafariki tarehe 5 Desemba. Vaa vifaa kamili hata mgonjwa akiwa mfanyakazi mwenzako.

Makaratasi hayahitaji maneno mengi. Usiguse mgonjwa kama muuguzi kabla hujasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, weka nakala za cheti na leseni kwa jamaa unayemwamini, na tarehe ya leseni kuisha iandike kwenye simu. Mfukoni: saa yenye mshale wa sekunde, kalamu mbili, mkasi, kurunzi ndogo na kijidaftari cha dozi. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Siku ya kwanza, kabla ya kuulizia chai, uliza haya: ufunguo wa stoo unakaa na nani usiku, namba ya gari la wagonjwa ni ipi, kituo cha daraja la nne chenye chumba cha upasuaji kiko umbali gani mvua ikinyesha, na mfuko wa kumpa mtoto mchanga pumzi uko wapi. Huo mfuko ushike mwenyewe. Ziba tundu la kutokea hewa kwa kiganja, ubonyeze. Ukihisi upinzani hadi vali ifunguke, mfuko ni mzima. Tazama kama barakoa zake za namba 0 na 1 zipo zote mbili. Mtoto asiyepumua anatakiwa kuanza kupewa pumzi ndani ya dakika 1 tangu azaliwe, na dakika hiyo haitoshi kutafuta barakoa kabatini.

Wakati wa kupokezana zamu, pita kitanda kwa kitanda pamoja na anayeondoka. Usikubali "wote wazima" ya mlangoni. Kwa kila mmoja: ni nani, ana nini, amepewa nini saa ngapi, kinachosubiriwa ni nini, na yupi anakutia wasiwasi.

Nakuachia hesabu mbili. Mtoto wa kilo 9, atesuneti ya mshipani kisha ya msuli: utavuta mililita ngapi kila mara? Na dripu ya mililita 500 iishe kwa saa 4, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita: matone mangapi kwa dakika? Zifanye kwa kalamu bila simu, unitumie njia nzima pamoja na majibu. Na uniambie tarehe ya chanjo ya tatu.

Baba yako