Taa ya kuteleza: acheni kununua sensa kwa kubahatisha

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu taa moja: kile kigari chenye alama mbili za kupindapinda nyuma yake, yaani taa ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Wengine wanaiita TRC, wengine VSC, VDC au TCS, kulingana na gari. Wanaoniandikia "taa imewaka, ninunue nini?" bila kutaja gari, mwaka wala msimbo wa hitilafu uliosomwa kwenye kompyuta ya gari, wasisubiri jibu.

Inapepesa nikipanda mlima wenye tope, halafu inazima. Ni ubovu? – Lushoto

Hapana. Ikipepesa inafanya kazi. Ikiwaka na kuganda ndipo uitafute gereji.

RAV4 yangu imewasha ABS na VSC kwa pamoja. Fundi amebadilisha sensa mbili za mbele, taa bado zipo. Tuweke za nyuma? – Morogoro

Kwanza, nani aliwaambia shida iko mbele? Mfumo wa kuzuia kuteleza hutegemea sensa zile zile za ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge tairi) kujua kasi ya kila tairi, ndiyo maana taa huwaka pamoja. Kompyuta ya ABS huwa imeshaandika ni tairi gani. Kwenye Toyota kama RAV4 yenu, C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Someni hapo kabla ya kufungua hata nati moja.

Hata ukiupata msimbo, usikimbilie dukani. Unakuambia ishara ya upande ule ina kasoro, haukuambii sensa imekufa. Waya wa mbele hupinda kila unapokata kona na hukatikia ndani ya mpira wake, kwa nje ukionekana mzima. Plagi huingia maji ikaota kutu. Na beringi ya tairi! Nyingi za siku hizi zina pete ya sumaku upande mmoja, na sensa husoma pete hiyo. Fundi akiigonga kwa nyundo au akaifunga kinyume, sensa mpya hata kumi hazitasaidia. Kama taa ilianza baada ya kubadilisha beringi, rudini huko huko.

Kipimo ninachokiamini ni kuendesha polepole kwenye barabara iliyonyooka, mtu wa pili ameshika mashine ya kusoma kompyuta ya gari, anaangalia kasi za tairi zote nne. Moja ikidondoka sifuri wakati nyingine zinasoma 30, mmeshaipata. Na tafadhali, msipime ohmu kwenye kila sensa. Zile za koili za zamani hupimika hivyo. Za kisasa zinazotumia umeme wa gari zitawapa namba isiyo na maana, kisha mtaitupa sensa isiyo na ubovu. Hizo pimeni kwanza kama umeme unafika kwenye plagi.

Kifaa changu cha Bluetooth cha kusoma misimbo kinasema gari halina tatizo, taa inawaka. – Mwanza

Hivyo vya bei ndogo vingi husoma injini tu. Kompyuta ya ABS hakijaigusa. Swali hili nimelijibu mno.

Subaru Forester: taa ya injini, ya VDC, na ya cruise (ya kushikilia kasi) inapepesa. Nianzie tairi ipi? – Arusha

Usianzie tairi yoyote. Mfumo huu, ili uzuie kuteleza, huiomba injini ipunguze nguvu. Injini ikiwa na hitilafu, Subaru huuzima makusudi. Tibu injini, taa zote tatu zitaondoka. Anayekuuzia kompyuta ya ABS kwa dalili hizo anakuibia.

Betri ilichomolewa, na alaimenti ikafanywa siku hiyo hiyo. Sasa VSC haizimi. – Dar es Salaam

Huenda gari limepoteza kumbukumbu ya sifuri ya sensa zake: usukani ulionyooka na gari lililotulia husomekaje. Kwenye Toyota tafuta C1210 au C1336: zinasema sifuri ya sensa ya mgeuko wa gari au ya mchapuko haijawekwa upya. Huwekwa kwa mashine, gari likiwa mahali tambarare na halitikisiki. Hakuna cha kununua. Na betri iliyochoka nayo huwasha taa hizi, kwa hiyo ipimwe.

Nimefunga tairi mbili za saizi tofauti mbele, taa inawaka nikifika kasi. – Tanga

Toa hizo tairi.

Nimekwama mchangani, gari likakataa kuvuta. – Bagamoyo

Bonyeza kitufe cha TRC OFF, utoke, kisha uiwashe tena. Mchangani tairi lazima zizunguke, na mfumo unazibana.

Nauza gari. Nikichomoa fyuzi ya taa hiyo nitapona? – asiyetaja alipo

Mara nyingi fyuzi hiyo ni ya ABS pia. Umemwachia mnunuzi breki zinazoweza kufunga tairi kwenye lami yenye maji, na hujamwambia. Nanyi wanunuzi, geuzeni ufunguo bila kuwasha injini: taa za ABS na VSC lazima ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imezibwa au imeng'olewa. Shusheni bei, au ondokeni.