Romeo na Juliet wote walikuwa matajiri, sasa hela iliwauaje?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Darasani tumebishana sana, wenzangu wanasema Romeo na Juliet, wale wapenzi wa tamthilia ya Shakespeare, waliponzwa na utajiri na hadhi za kwao, mimi nawaambia hapana, familia zote mbili zilikuwa na uwezo, hakuna aliyemzidi mwenzie, ule ni ugomvi tu wa wazee. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi wa fasihi

JIBU: Kuhusu uwezo uko sahihi, Shakespeare mwenyewe anafungua tamthilia kwa kusema hizo koo mbili za Verona zina heshima sawa. Lakini mimi niko na wenzako.

Mfuatilie mzee Capulet, baba yake Juliet. Kijana Paris anapoleta posa mara ya kwanza, mzee anamwambia subiri miaka 2, binti hajafikisha hata 14, kwanza umpate moyo wake yeye mwenyewe. Baba mzuri kabisa huyo! Alafu Tybalt, binamu yake Juliet, anauawa, ukoo umetikisika, na huyo huyo baba anapanga ndoa Alhamisi bila hata kumuuliza binti, tena baadae anaivuta iwe Jumatano. Juliet ndo mtoto pekee aliyebaki na Paris ni ndugu wa mtawala wa mji, yaani kwa macho yangu pale haozeshwi binti, inatafutwa kinga ya ukoo. Akikataa anaambiwa nenda kajinyonge, kaombe, ufe njaa barabarani, na mali yangu hutaigusa. Hata yaya aliyemnyonyesha Juliet, nyuma kule usiku wa sherehe ya kina Capulet, anamwambia Romeo kwamba atakayemuoa binti huyu kapata hela.

Sehemu inayoniuma zaidi na watu wengi wanaipita haraka ni ile ya muuza dawa wa mji wa Mantua, pale Romeo anapotafuta sumu ya kujiua. Kuuza sumu kule adhabu yake ni kifo, Romeo anamuonyesha dukati 40 (sarafu za dhahabu), jamaa anasita, Romeo anamkumbusha njaa yake, ndo anajibu kwamba umaskini wake umekubali ila hiari yake haijakubali. Kijana wa kitajiri ananunua kifo chake kwa mtu ambaye hana uwezo wa kusema hapana, sasa hela si hiyo hapo mkononi?

Kama unataka ile ya tajiri na maskini kabisa, tafuta Kabale und Liebe, tamthilia ya Kijerumani ya Friedrich Schiller, ya 1784. Ferdinand ni mtoto wa kigogo wa serikali, Luise ni binti wa mwanamuziki, na baba mtu anataka kijana amuoe kimada wa mtawala ili cheo chake kisiyumbe. Wazazi wa Luise wanakamatwa, analazimishwa kuandika barua ya mapenzi kwa mwanaume mwingine na kuapa atakaa kimya, Ferdinand anaiamini ile barua na wanaishia kunywa sumu kwenye limonadi. Sasa hapo kwa Schiller tofauti ya tabaka iko wazi toka mwanzo, ila kwa Shakespeare koo ziko sawa na bado watoto wanakufa, ndo maana mimi naona kinachowabana sio pengo la hela peke yake, ni ile hali ya ndoa ya mtoto kuwa mali ya wazee.

Mdahalo ukirudi waombe wakusomee tendo la 3, pale Capulet anapomfokea binti, kisha la 5 kwa muuza dawa.