Avue viatu vyote viwili

Kwa mlioanza juzi kliniki ya kisukari: swali la "Miguu inauma?" halitoshi. Mgonjwa atajibu hapana, wewe utaandika hana tatizo, na mtakuwa mmedanganyana nyote wawili. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, na mguu uliokufa ganzi haulalamiki.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyeingia akitembea vizuri tu, anatania. Kumvua soksi, ikagoma. Ilikuwa imegandia unyayoni kwa damu iliyokauka. Nikaingiza mkono kwenye kiatu, nikakuta ncha ya msumari imechomoza kwenye soli. Ameshinda akiukanyaga, wala hana habari.

Basi avue vyote viwili, kila anapokuja, hata foleni ikiwa imefika mlangoni. Tazama unyayo na kisigino, achanisha vidole kimoja kimoja. Shika miguu kwa pamoja: mmoja ukiwa umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata kama hauna kidonda wala maumivu, usimrudishe nyumbani. Huenda mifupa inavunjika humo ndani. Asiukanyagie, na daktari amwone siku hiyo hiyo. Papasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, upande wa ndani.

Ule uzi wa nailoni wa gramu 10, wa kupimia kama mguu bado una hisia, ubonyeze kwenye unyayo mpaka upinde, yeye akiwa amefumba macho. Usimwulize "umesikia hapo?" kila unapogusa, wengine huitikia kwa heshima tu. Aseme mwenyewe akisikia. Wala usipime juu ya sugu, ngozi nene itakupotosha.

Na hiyo sugu msiidharau. Ilipo ndipo uzito unapoelemea, na kidonda huweza kuanzia chini yake. Ukiona weusi wa damu ndani, mpeleke akahudumiwe leo. Wembe wa nyumbani hapana, na zile plasta za kuondoa sugu pia hapana, huunguza ngozi.

Ushauri wa nyumbani nautoa kidogo, maana ukimmwagia mambo kumi hatoki na hata moja. Ajikague kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine. Asitembee peku hata chumbani. Joto la maji ya kuoga alipime kwa kiwiko. Mafuta apake, ila si katikati ya vidole. Viatu avikague kabla ya kuvaa, na hapo humwambia anionyeshe anavyofanya. Wengi hukung'uta tu bila kuingiza mkono. Msumari wa yule mzee usingedondoka kwa kukung'utwa.