Kidole kilisogea: tukikubali mashine izimwe, tutakuwa tumemuua baba?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 67, mgonjwa wa presha wa muda mrefu, yuko ICU siku ya sita tangu mshipa upasuke kichwani. Madaktari wanasema ubongo umekufa, na wametuita kikao kuhusu mashine ya kupumulia. Lakini juzi nikiwa nimemshika mkono, kidole kilisogea. Shangazi naye ana video ya mtu aliyeamka baada ya siku 40. Tukikubali izimwe, si tutakuwa tumemuua? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nianze na hicho kidole, maana familia nyingi nimeziona zikining'inia kwenye kidole kama hicho. Uti wa mgongo una njia zake fupi za neva ambazo hazipandi kichwani. Ubongo ukishakufa na uti ukabaki unapata damu, ukimgusa unyayo mguu unaweza kujikunja, kidole kikacheza. Wapo hata wanaoinua mikono yote miwili hadi kifuani. Hukuota, kidole kilisogea kweli. Ila aliyekisogeza si baba. Moyo nao una chanzo chake cha umeme. Ukipata oksijeni kutoka kwenye mashine utaendelea kudunda kwa muda.

Sasa hiyo video. Hapa huwa inapanda presha yangu mimi. Kama yule mtu aliamka, basi alikuwa kwenye koma, na koma si kifo cha ubongo. Kwenye koma ubongo umeumia lakini uko hai, na wengine huamka. Kuna hali ya tatu: mtu anafumbua macho, analala na kuamka, anapumua mwenyewe, lakini hajitambui. Karen Ann Quinlan wa Marekani alikuwa hivyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey iliruhusu aondolewe mashine, akaondolewa, akaendelea kupumua mwenyewe hadi 1985. Hiyo haikuwa miujiza, kwa sababu shina la ubongo wake, yaani sehemu ya chini inayoendesha pumzi, lilikuwa hai. Wanaorusha video hizi huziita zote "koma", halafu familia kama yenu inabebeshwa deni la tumaini ambalo halikuwahi kuwa lao.

Kwa hiyo kwenye kikao msianze na kuzima au kutozima. Ulizeni: mmempima nini, na lini? Kipimo kamili kina masharti. Chanzo kijulikane, mwili usiwe wa baridi, dawa za usingizi ziwe zimekwisha mwilini. Ndipo wanamulika mboni, wanagusa jicho kwa pamba, wanamwagia sikio maji ya barafu waone kama macho yatasogea, wanapitisha mpira kwenye koo waone kama atakohoa. Mwisho ni pumzi. Mashine inatenganishwa kwa dakika 8 hadi 10 huku oksijeni ikipitishwa kwa mpira mwembamba, kabonidayoksaidi ipande kwenye damu mpaka milimita 60 za zebaki (mmHg) au zaidi. Kiwango hicho kingemfanya yeyote mwenye shina la ubongo hai avute pumzi. Kifua kikitulia tuli, baba alishafariki, na saa ya kifo ni ya kipimo hicho, si ya kuchomoa waya. Huwezi kumuua aliyekufa.

Wenzangu nao wana lao. Daktari anayemulika macho kwa tochi ya simu, mgonjwa bado ana dawa ya usingizi kwenye dripu, kisha anatamka "ubongo umekufa" na kwenda chai, huyo ndiye anayewapa waganga soko. Mkiona hivyo, dai kipimo kirudiwe na daktari mwingine awepo.

Kipimo kikionyesha shina bado liko hai, hayo ni mazungumzo mengine: je, tiba inamsaidia au inarefusha kufa tu? Hata hapo dini hazijakaa kimya. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zilizopita kawaida. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokaa Amman, Jordan, 1986, lenyewe lilizungumzia hali ya baba yako hasa: wataalamu wakithibitisha ubongo wote umekoma bila kurudi, mashine inaweza kuondolewa hata kama moyo bado unapiga.

Na ninyi wengine mnaosoma: anayekuja ICU na chupa ya mafuta akiomba kwanza "sadaka ya kufufua", mpitisheni getini arudi alikotoka. Nimeona shamba likiuzwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na cheti cha kifo tayari mezani.

Shangazi aombe aingie wakati wa kipimo cha pumzi. Mimi huwaruhusu. Mzee mmoja alisimama miguuni mwa mdogo wake dakika zote tisa, macho kwenye kifua, halafu akamfunika shuka mwenyewe kabla sijasema neno.