Maswali ya wasomaji: Uzamivu wa falsafa nchini India

Barua za mara hii zimekusanyika kwenye jambo moja: kusomea uzamivu wa falsafa katika chuo kikuu cha India. Tunazungumzia falsafa kama somo. Herufi PhD humvika hata mwanakemia joho la “daktari wa falsafa”, na barua mbili tatu zilikuwa zimechanganya hayo mawili.

Nina shahada ya uzamili ya falsafa, GPA 3.4. Matangazo ya vyuo yanadai asilimia 55. Nimefikia?
*R.M.*

Inategemea 3.4 yako ni kati ya 4 au kati ya 5, na daraja hizo chuo chako kilizipimaje. Usijikokotolee mwenyewe. Omba ofisi ya msajili wa chuo ulichosoma ikuandikie barua yenye mhuri inayosema GPA yako ni sawa na asilimia ngapi, na uhakikishe nakala ya matokeo inaonyesha jedwali la madaraja, ambalo mara nyingi huchapwa nyuma ya karatasi na watu husahau kulipiga picha. Faili nyingi hukwama kwa upande huo wa nyuma.

Kanuni zinazotumika ni zile za Tume ya Vyuo Vikuu ya India, UGC, zilizotolewa Novemba 2022. Uzamili wa miaka miwili juu ya shahada ya kwanza ya miaka mitatu, au wa mwaka mmoja juu ya shahada ya miaka minne, unakubalika ukiwa na angalau asilimia 55. Aliyesoma shahada ya kwanza ya miaka minne anaweza kuingia bila uzamili, lakini hapo anadaiwa asilimia 75. M.Phil, shahada ya utafiti iliyokuwa kati ya uzamili na uzamivu, ilifutwa na kanuni hizo hizo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima upitie huko kwanza.

Kuna karatasi moja inayowashangaza wageni. Vyuo vingi vya India huomba cheti cha uhamisho, yaani uthibitisho kwamba chuo cha zamani kimekuachia. Kama chuo chako hakina kitu hicho, msajili akuandikie barua ya kusema hivyo, na kwamba hudaiwi chochote. Ichukue kabla hujasafiri. Kuitafuta ukiwa tayari uko Varanasi ni kazi ya miezi.

Nimeandikia maprofesa kumi na mmoja, hakuna aliyejibu. Nakosea wapi?
*Anayekata tamaa*

Uliambatanisha barua uliyowatumia, na jibu limo humo humo. Inaanza “Mheshimiwa Profesa, napenda falsafa ya India tangu utotoni”, na pendekezo la kurasa 24 linaitwa “Falsafa ya India na changamoto za dunia ya leo”. Mada hiyo haina mwenyewe. Kila mwalimu ataona si yake.

Anza na hesabu za nafasi. Kwa wakati mmoja profesa haruhusiwi kusimamia wanafunzi wa uzamivu zaidi ya 8, profesa mshiriki 6, profesa msaidizi 4. Lakini kanuni za 2022 zinampa kila msimamizi nafasi mbili za ziada kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, nje ya idadi hiyo. Wako walimu ambao hawajawahi kuzitumia nafasi hizo wala hawazikumbuki. Mkumbushe kwa sentensi moja ya adabu. Angalia pia umri wake wa utumishi, kwa sababu aliyebakiza chini ya miaka mitatu kustaafu haruhusiwi kupokea mwanafunzi mpya. Profesa mwenye jina kubwa asiyejibu huenda ameshafungiwa mlango na kalenda.

Kisha ingia Shodhganga, hazina ya mtandaoni ya tasnifu za India inayoendeshwa na kituo cha INFLIBNET kilichoko Gandhinagar. Ni ya bure. Tafuta idara ya falsafa ya chuo unachokitaka, soma majina ya wasimamizi na mada walizosimamia miaka mitano iliyopita. Hapo ndipo utajua nani kweli anafanya nini, maana kurasa za idara huchelewa kufanyiwa marekebisho. Jadavpur, Kolkata, inasifika kwa Nyaya, shule ya kale ya mantiki ya India, na pia kwa falsafa changanuzi. Chuo Kikuu cha Madras kina taasisi ya falsafa yenye jina la Radhakrishnan. Vyuo vikuu vya Banaras Hindu, Delhi, Jawaharlal Nehru (JNU), Hyderabad na Pune vina idara zao, na vyuo vya teknolojia vya IIT, kama Bombay na Kanpur, huifundisha falsafa ndani ya idara za sanaa na sayansi za jamii.

Mada uikaze mpaka iume. Chukua mfano huu: je, neno la mtu mwaminifu ni chanzo cha maarifa kinachojitegemea, au ni makisio tu yaliyovaa nguo nyingine? Wanafalsafa wa Nyaya wanahesabu njia nne za kupata maarifa: kuona kwa hisi, kukisia, kulinganisha, na neno la mwaminifu, ambalo wanaliita *shabda*. Wavaisheshika, na Wabudha wa mkondo wa Dignaga, wanabakiza mbili za kwanza na kuliingiza neno ndani ya makisio. Wacharvaka wanakubali hisi peke yake. Huo ni ugomvi halisi, wenye maandiko mahususi: Nyayasutra na ufafanuzi wa Vatsyayana upande mmoja, Dignaga upande wa pili. Msomaji aliyepitia kazi ya Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, juu ya hekima za wazee ana la kuongeza hapo ambalo mwanafunzi wa Kolkata hana. Mwalimu wa Nyaya akipata swali kama hilo atajibu, hata kama ni kukwambia umekosea.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza, swali lako kwa sentensi mbili. Ya pili, maandiko utakayoyashughulikia na lugha utakayoyasomea. Ya tatu, makala moja ya huyo mwalimu uliyoisoma na mahali unapotaka kuendelea au kubishana naye. Pendekezo refu lisubiri aliombe mwenyewe. Na usiwaandikie walimu watano wa idara moja siku moja. Wanakunywa chai pamoja.

Ni lazima nijue Kisanskriti?
*F.K.*

Hapana, isipokuwa mada yako inakitaka. Ukiandika juu ya Wittgenstein utadaiwa Kijerumani. Ukiandika juu ya Nyaya au Vedanta kwa tafsiri za Kiingereza tupu, mtahini wa nje atakukamata kwenye neno la tatu, kwa kuwa *jnana* haitoshi kuitwa “maarifa” na vitabu vya tafsiri havikubaliani. Jifunze hati ya Devanagari kabla ya kufika, na sarufi anza mwaka wa kwanza. Toka siku ya kwanza andika maneno ya Kisanskriti kwa unukuzi mmoja wa kimataifa na fonti ya Yunikodi. Wanaotumia fonti za zamani hufungua PDF usiku wa kuwasilisha na kukuta viboksi vitupu.

Mtihani wa kuingia ukoje, na mgeni anaufanya?
*Baba Salma*

Kwa Wahindi, vyuo vingi sasa hutumia mtihani wa taifa wa NET. Tangu Juni 2024, wenye kufaulu NET bila kupata ufadhili wa JRF hupimwa kwa asilimia 70 kutoka alama za mtihani na 30 kutoka usaili, na alama hizo hudumu mwaka mmoja tu kwa ajili ya kuingia uzamivu. Chuo chenye mtihani wake hugawa maswali nusu kwa nusu, mbinu za utafiti na somo lenyewe, na anayekosa asilimia 50 hafiki kwenye usaili.

Wageni, kila chuo kimeachiwa kiweke utaratibu wake. Vingine huridhika na pendekezo na usaili wa mtandaoni. Kwenye usaili wa falsafa jiandae kuulizwa historia ya fikra za Kigiriki na za India hata kama mada yako ni maadili ya tiba. Watu huanguka hapo kwa kujua mada yao tu.

Pesa zinatoka wapi?
*Msomaji wa siku nyingi*

JRF, rupia 37,000 kwa mwezi kwa miaka miwili ya kwanza na 42,000 baadaye, ni ya raia wa India. Usiipigie hesabu. Mlango wa mgeni ni ufadhili wa Baraza la India la Uhusiano wa Kitamaduni, ICCR, unaoombwa kupitia tovuti yao ya A2A. Kwa uzamivu umri usizidi miaka 45. Posho ni rupia 22,000 kwa mwezi, pamoja na fedha ya pango, na ada hulipwa na wao. Unachagua vyuo kwa mpangilio wa upendeleo, na unaandika insha fupi kwa Kiingereza pamoja na muhtasari wa utafiti wako.

Hapo ndipo barua ya mwalimu inaponunua kitu. Chuo kikipokea ombi lako kwenye tovuti hulipeleka idarani, na idara isiyokujua haina haraka. Mwalimu anayelisubiri jina lako hulifuatilia.

Bima ya afya unakata mwenyewe, ya rupia laki tano kwa mwaka (neno *laki*, kwa bahati nzuri, hutahitaji kufundishwa). Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anajiandikisha ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Beba fedha za kutosha miezi miwili au mitatu, kwa sababu posho ya kwanza husubiri akaunti ya benki, na akaunti husubiri karatasi.

Nina kazi. Naweza kusoma kwa mbali? Na huchukua muda gani?
*J.*

Kwa mbali au mtandaoni, hapana. Kanuni zinakataza, na anayekuuzia uzamivu wa India wa mtandaoni anakuuzia karatasi. Nusu muda unaruhusiwa ukileta barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi na atakupa muda wa kutafiti, ila masomo ya darasani unahudhuria.

Muda wa chini ni miaka mitatu, wa juu sita, na miwili ya nyongeza kwa kujisajili upya. Wanawake na wenye ulemavu unaozidi asilimia 40 huongezewa miwili mingine, mwisho kumi. Kozi za mwanzo ni krediti zisizopungua 12, ufaulu asilimia 55. Krediti mbili kati ya hizo ni za kozi ya maadili ya utafiti na uchapishaji, saa 30, na sehemu yake ya kwanza ni utangulizi wa falsafa. Mwanafunzi wa falsafa hulala usingizi pale, kisha hukosa alama kwenye sehemu ya hifadhidata. Kila muhula unatoa taarifa mbele ya kamati ya ushauri wa utafiti.

Programu ya kukagua wizi wa maandishi imenipa asilimia 23. Nimekwisha?
*Mwenye wasiwasi*

Hujaisha, ila umechelewa. Kanuni za 2018 zinasema hivi: mpaka asilimia 10 hakuna adhabu, ikizidi 10 mpaka 40 unarudishiwa usahihishe ndani ya miezi sita, ikizidi 40 mpaka 60 unazuiwa mwaka mzima, zaidi ya 60 usajili unafutwa. Nukuu zilizotajwa chanzo na orodha ya marejeo hazihesabiwi, kwa hiyo muombe mkutubi arudie ukaguzi akiviondoa. Katika falsafa mkosaji mkubwa ni tafsiri za maandiko ya kale zilizomiminwa bila alama za kunukuu, na muhtasari wa “maisha na kazi za” mwanafalsafa kwenye sura ya kwanza. Ifute sura hiyo kama inawezekana. Haisomwi na mtu.

Ukishawasilisha, tasnifu inasomwa na msimamizi na watahini wasiopungua wawili wa nje ya chuo, kisha unaitetea. Mmoja wa nje akiikataa, hupelekwa kwa mtahini mbadala, naye akikataa imekataliwa. Kanuni zinakipa chuo miezi sita kumaliza yote tangu siku ya kuwasilisha. Viza yako ipite miezi hiyo, na omba kuiongeza kabla haijaisha.