Kwa mnaoanza kazi ya kuchambua lugha za waomba hifadhi

Ukiajiriwa Ulaya kusikiliza rekodi za waomba hifadhi wanaosema Kiswahili, kesi za Wabajuni, watu wa pwani na visiwa wenye lahaja yao ya Kiswahili, hazitachelewa kukufikia. Tangu dola ya Somalia ianguke mwaka 1991, waliokimbia visiwa vya Chula, Koyama na Chovai wanaulizwa swali lilelile: wewe ni wa Somalia kweli, au umetoka upande wa Lamu?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka. Wako Kismayo upande wa Somalia, wako Kiunga na Faza upande wa Kenya, na wameoleana tangu zamani.

Kabla ya kumsikiliza anayehojiwa, msikilize anayehoji. Mkalimani akifungua na Kiswahili sanifu, Mbajuni naye atajitahidi kusema hivyohivyo. Ni adabu, na pia anataka aeleweke. Mpemba akifika Dar hufanya hayohayo na hakuna anayemtilia shaka. Kwa hiyo ukisikia "mtu" pale ulipotarajia "nchu" ya Kibajuni, usikimbilie kuandika kwamba si Mbajuni. Tafuta pale alipojisahau: anapohesabu, anapokasirika, anaposimulia safari ya baharini bila kukatizwa. Rekodi iliyojaa "ndiyo" na "hapana" irudishe, haichambuliki.

Uliza pia ameishi wapi. Aliyekaa miaka Mombasa atakuwa ameokota Kimvita, na hilo halimfanyi mzaliwa wa Mombasa. Kisomali nacho kisikubabaishe. Wapo wazee wa visiwani waliokijua kidogo tu, ilhali kijana aliyekulia Kismayo mjini huenda anakisema vizuri.

Kuna maofisa watakaotaka useme kama mtu anajua majina ya samaki na mitaa ya kwao. Kataa. (Mimi ni wa pwani, na samaki ninaowajua ni wale wa sokoni.) Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za watu waliosema wametoka Somalia, ilikosoa ripoti za lugha zilizovuka mipaka ya utaalamu wa walioziandika. Miaka kumi kabla yake, kundi la wanaisimu lilikuwa limeshatoa mwongozo: lugha huonyesha mtu alikulia katika jamii ipi, haithibitishi uraia. Mwongozo huo unasema pia kwamba kuzaliwa na lugha hakutoshi kukufanya mchambuzi wake. Usome kabla ya kugusa rekodi yoyote.

Kesi za Kongo zina mtego wa aina yake. Kijana aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anaweza kuwa Mkongomani ambaye hajawahi kuikanyaga Kongo, na Kiswahili chake kimechanganya cha wazazi na cha Watanzania wanaomzunguka. Ripoti yake iandike hivyohivyo: sauti gani umesikia, dakika ya ngapi, na una uhakika kiasi gani. Ofisi ikikupigia simu ikitaka jibu la neno moja, waambie wasome ukurasa wa pili wa ripoti.